Kisome na Visome: Juu ya Kukipanua Chombo cha Amri Kipokee Vitabu Vingi

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja ambalo wachunguzi wa Kiswahili hukutana nalo mapema sana waanzapo kutumia kompyuta. Mtu ana chombo kidogo cha amri kiwezacho kusoma kitabu kimoja na kutoa hesabu ya maneno yake. Sasa ataka chombo kile kile kipokee vitabu vitano, au mia tano, kwa amri moja. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya fundi wa mashine, na kwamba si kitu ila kurudia mara nyingi lile lililokwisha kufanywa mara moja. Sivyo. Katika kutoka kwenye kimoja kwenda kwenye vingi mna maswali ya maana, na maswali hayo sarufi yetu ilikwisha kuyauliza zamani, kabla ya mashine kuwako. Asiyeyajibu atapata hesabu iliyo safi machoni na mbovu ndani, na juu ya hesabu hiyo atajenga hoja kuhusu mwandishi au kuhusu lugha.

Kwa "chombo cha amri" nakusudia programu isiyokuwa na madirisha wala picha za kubofya. Mwenye kuitumia huandika mstari mmoja: kwanza jina la chombo, kisha jina la kitu kitakachoshughulikiwa, hubonyeza kitufe, na jibu huandikwa chini yake. Vyombo vya namna hii vina umri mkubwa. Mfumo wa Unix, ulioanza katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, ulikuwa na chombo kiitwacho wc tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971, na kazi yake siku hizi ni kuhesabu mistari, maneno na herufi. Kingaliko katika kila kompyuta yenye Linux. Lakini wc hakijui lugha yoyote. Kwake neno ni chochote kilichozungukwa na nafasi, na maneno yaliyorudiwa hakiwezi kuyatambua kuwa yamerudiwa. Kwa sababu hiyo wachunguzi hujiandikia vyombo vyao wenyewe. Changu nakiita hesabu. Huondoa alama za uandishi, hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, hulinda ritifaa ya ng'ombe isilipasue neno, kisha hutoa mambo matatu: idadi ya maneno yote, idadi ya maneno mbalimbali, yaani kila neno likihesabiwa mara moja tu hata kama limerudiwa mara elfu, na uwiano wa idadi hii ya pili kwa ile ya kwanza, ambao wengi huutumia kupimia utajiri wa msamiati wa mwandishi.

Mfano nitakaoutumia ni wa vitabu vya Mwitongo. Mwitongo ni mahali pa Butiama, mkoani Mara, palipo na makazi na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Jina lenyewe ni la Kizanaki, nalo lafaa kutazamwa na mtu wa lugha: ni kiambishi cha mahali mu- mbele ya itongo, yaani ndani ya maskani ya kale yaliyoachwa, Mswahili angesema mahameni. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya historia ya nchi. Mwanafunzi wa Kiswahili humkuta huko mfasiri pia. Mwaka 1963 Mwalimu alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Na mwaka 1996, akiwa mzee, zikatoka tenzi zake tano, nne za Injili na moja ya Matendo ya Mitume. Tuseme kwamba mwanafunzi amezipiga chapa tenzi hizo tano katika kompyuta, kila utenzi katika faili lake, naye ataka kujua msamiati wa mfasiri ukoje: kwa kila utenzi, na kwa zote.

Kwanza tuitazame amri yenyewe kwa macho ya sarufi. Ukitumia kiambishi cha mtendwa, Kiswahili chakupa namna nne za kuamuru kitabu kisomwe: kisome, visome, kisomeni, visomeni. Katika kisome msomaji ni mmoja na kitabu ni kimoja. Katika visome msomaji angali mmoja, vitabu ndivyo vilivyozidi. Katika kisomeni wasomaji ni wengi na kitabu ni kimoja. Na katika visomeni wengi wanaamriwa kusoma vingi. Wingi wa watendao umekaa mwishoni mwa neno, wingi wa vitendwavyo umekaa mwanzoni, na kila mmoja waweza kubadilika bila ya mwenziwe. Tofauti hii yafaa ishikwe barabara, maana mafundi wasemapo kwamba chombo chao "kinashughulikia vingi kwa mara moja" huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kwamba amri moja imetaja vitabu vingi, na chombo chavisoma kimoja baada ya kingine: hiyo ni visome. La pili ni kwamba kazi imegawiwa wasomaji kadha ndani ya mashine, wakasoma wote wakati mmoja: hiyo ni visomeni. Visomeni huongeza mwendo, na huleta matata yake, kwa kuwa aliyepewa kitabu kifupi humaliza kwanza na matokeo hutoka bila mpango. Mchunguzi wa tenzi tano hana haja nayo. Kompyuta ya kawaida humaliza kuzihesabu kabla hajakaa vizuri kitini. Katika makala haya nashughulika na visome peke yake.

Lakini visome nayo haijitoshelezi. Mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Hivi vitabu, vihesabu maneno," mwanafunzi mwerevu atauliza: kimoja kimoja, au vyote kwa pamoja? Kiambishi vi- hakimjibu. Ndiyo maana lugha imetupa takriri, kimoja kimoja, moja moja, mmoja mmoja. Na ndiyo maana imetupa neno kila, ambalo ingawa lahusu vingi hutaka jina la umoja baada yake: kila kitabu, wala si kila vitabu. Kila na -ote ni maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili. Fundi anayekipanua chombo bila ya kuuliza swali hili huwa amelijibu bila kujua, na jibu lake latokana na urahisi wa kuandika programu, halitokani na haja ya mchunguzi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Hapo awali chombo kilipokea jina moja:

hesabu Marko.txt

Sasa kitapokea orodha:

hesabu Mathayo.txt Marko.txt Luka.txt Yohana.txt Matendo.txt

Badiliko la ndani ni dogo. Mahali palipokuwa na jina moja huwekwa orodha ya majina, na ile kazi ya kusoma na kuhesabu huzungushiwa kitanzi, ili irudiwe kwa kila jina mpaka orodha iishe. Orodha ya jina moja nayo ni orodha. Kwa hiyo amri ya zamani huendelea kufanya kazi kama ilivyokuwa. Mwenye uvivu wa kuandika majina yote aweza kuandika nyota mahali pa jina, hesabu *.txt, na mfumo wenyewe, kabla ya kukiita chombo, utaibadili nyota hiyo kuwa majina yote yaishiayo kwa .txt. Chombo hakiioni nyota. Huona majina tu. Hapo yafaa kukumbuka kwamba mfumo huyapanga majina hayo kwa alfabeti: Luka, Marko, Matendo, Mathayo, Yohana. Matendo yamemtangulia Mathayo kwa kuwa e hutangulia h. Na kama sura zimewekwa katika mafaili yenye namba, sura ya 10 yaweza kutokea kabla ya sura ya 2, kwa sababu mashine husoma tarakimu kama herufi. Kwa hesabu ya maneno mfuatano haudhuru, bali kwa mchunguzi anayefuata jinsi neno geni linavyozoeleka kutoka sura hadi sura, mfuatano ndio uchunguzi wenyewe. Dawa yake ni kuandika 02 badala ya 2, tangu siku ya kwanza.

Kuna mtego mwingine katika majina, na mtego huo wawapata wanaoandika Kiswahili kuliko wengine. Mfumo huyatenga majina ya orodha kwa nafasi zilizo kati yake. Vitabu vyetu navyo, kwa jinsi lugha ilivyo, vingi vina kihusishi cha -a katikati ya jina: utenzi wa, mabepari wa, kisa cha, habari za. Mtu akiandika hesabu Mabepari wa Venisi.txt, chombo kitapokea vitabu vitatu: kimoja kiitwacho Mabepari, cha pili kiitwacho wa, na cha tatu kiitwacho Venisi.txt, na vyote vitatu hakitaviona. Chombo cha kitabu kimoja kingeweza kujitetea kwa kuunganisha yote yaliyoandikwa baada ya jina lake na kuyafanya jina moja. Chombo cha vitabu vingi hakiwezi tena, maana kwake nafasi ndiyo mpaka. Mtumiaji hana budi kulifunga jina katika alama za nukuu, au kuunga maneno yake kwa kistari.

Hayo ni ya nje. La ndani, ambalo ndilo lenye hatari, ni daftari. Chombo kihesabupo huwa na daftari lake ambamo huandika kila neno na mara lilizoonekana. Kitabu kilipokuwa kimoja, daftari lilifunguliwa mwanzoni na kufungwa mwishoni, basi. Sasa kwa kuwa vitabu ni vitano, swali ni hili: je, daftari lifunguliwe upya kwa kila kitabu, au liendelee? Fundi akiuweka ufunguzi wa daftari ndani ya kitanzi, apata kimoja kimoja. Akiuweka nje, apata vyote kwa pamoja. Mstari mmoja ukisogezwa nafasi nne kulia au kushoto, maana ya utafiti mzima yageuka. Na hakuna onyo lolote litakalotokea, kwa sababu kwa mashine njia zote mbili ni halali.

Wakulima wa pamba wa Bunda wangelielewa jambo hili bila ya kuelezwa. Mpimaji wa chama cha ushirika hupima mzigo wa kila mkulima na kuuandikia stakabadhi yake, kisha jioni hujumlisha. Angelimwaga mizigo yote katika lundo moja kabla ya kupima angelijua uzito wa jumla, lakini asingelijua amlipe nani kiasi gani. Angelipima kila mzigo na asijumlishe, chama kisingelijua kina pamba kiasi gani ghalani. Kwa hiyo hufanya yote mawili, na chombo chema nacho hufanya yote mawili. Ndivyo kifanyavyo wc: kikipewa majina mawili au zaidi huandika mstari mmoja kwa kila faili, na chini yake mstari wa jumla.

Ila mfano wa pamba wafundisha na jambo la pili, ambalo wc hakina haja nalo lakini sisi tunalo. Pamba hugawanywa katika madaraja mawili, safi na fifi. Ikiwa mkulima wa kwanza ameleta madaraja mawili, na wa pili madaraja mawili, hakuna mpimaji atakayeandika kwamba chama kimepokea madaraja manne. Kilo hujumlishwa, madaraja hayajumlishwi. Vivyo hivyo maneno yote hujumlishwa, maneno mbalimbali hayajumlishwi. Nimeona jambo hili likikosewa katika kazi za watu waliosoma sana, kwa sababu mstari wa jumla huonekana kuwa mstari wa kujumlisha, na jedwali lenye safu tatu huwashawishi watu kuzijumlisha safu zote tatu kwa njia moja.

Nitoe mfano mdogo ambao kila mtu aweza kuuhesabu kwa vidole. Kitabu cha kwanza kina sentensi hii tu: mtoto analala na mama analala. Cha pili kina hii: mama anapika na mtoto anacheza. Cha kwanza kina maneno 5, na maneno mbalimbali 4, kwa kuwa analala limerudiwa. Cha pili kina maneno 5, yote mbalimbali. Uwiano wa cha kwanza ni 0.8, wa cha pili ni 1. Sasa jumla: maneno yote ni 10, na hapo hapana ubishi. Maneno mbalimbali je? Anayejumlisha atasema 9. Lakini tukiyaandika tutapata mtoto, analala, na, mama, anapika, anacheza, yaani 6. Uwiano wa kweli wa vitabu vyote viwili ni 0.6, anayejumlisha 9 na kugawa kwa 10 apata 0.9, na anayechukua wastani wa 0.8 na 1 naye apata 0.9 ile ile, hata akadhani kwamba hesabu mbili zimethibitishana. Katika sentensi mbili twacheka. Katika tenzi tano, ambazo nne kati yake zina mhusika mmoja, mahali pamoja na mambo yaliyo karibu kuwa mamoja, ambamo majina, viunganishi na vitenzi vile vile hurudi katika kila kitabu, kosa hilo lingempa mfasiri msamiati mkubwa mara kadha kuliko alioutumia, na makala ingeandikwa kuusifu.

Kwa hiyo chombo kilichopanuliwa chahitaji madaftari mawili kwa wakati mmoja: daftari dogo linalofunguliwa na kufungwa kwa kila kitabu, na daftari kubwa linalofunguliwa mara moja tu. Kila daftari dogo lifungwapo humiminwa katika kubwa, neno kwa neno. Mstari wa mwisho husomwa kutoka daftari kubwa. Hautengenezwi kwa kujumlisha mistari iliyo juu yake. Katika hesabu nimeuita mstari huo "vyote kwa pamoja", wala sikuuita "jumla", ili mtu asije akautilia shaka atakapoona kwamba namba za juu hazifikii ile ya chini. Na msomaji asilinganishe uwiano wa mstari huo na wa mistari ya juu kana kwamba ni vipimo vya namna moja. Kadiri maandishi yanavyorefuka ndivyo maneno yanavyozidi kurudiwa, na uwiano hushuka hata kama mwandishi hajapungukiwa na kitu. Hata utenzi mrefu na utenzi mfupi wa mtu yule yule haulinganiki kwa kipimo hiki, mpaka vichukuliwe vipande vya urefu mmoja.

Wapo wasemao kwamba hakuna haja ya kukipanua chombo, kwa kuwa mfumo una chombo cha kuunganisha mafaili, kiitwacho cat, na kilichounganishwa chaweza kumiminwa ndani ya chombo cha zamani kama maji katika bomba. Njia hiyo ina heshima yake. Vyombo vikubwa vya Kiswahili vimejengwa juu ya mmiminiko wa namna hiyo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza mwaka 1985 kuifundisha kompyuta mofolojia ya Kiswahili, alikijenga chombo cha kuchambulia maneno ambacho baadaye kiliwezesha kuchambuliwa kwa kongoo ya Helsinki, yenye yapata maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Kwa kazi ya kulichambua neno moja moja, mmiminiko watosha kabisa, kwa sababu neno halihitaji kujua limetoka kitabu gani. Bali mara tu uchunguzi unapohusu kitu kikubwa kuliko neno, mipaka ya vitabu huwa na thamani, na mmiminiko huifuta.

Chukua vitabu vyetu viwili vidogo. Ikiwa aliyekipiga chapa cha kwanza hakubonyeza kitufe cha mstari mpya baada ya neno la mwisho, basi cat itaunganisha analala la mwisho na mama la mwanzo, na tutapata neno analalamama. Maneno yote yatakuwa 9, na mbalimbali yatakuwa 7, na kamusi itapata kitenzi kisicho na mwenyewe. Kosa hilo angalau laonekana. Lisiloonekana ni la pili. Tuseme mstari mpya upo, na mchunguzi ahesabu maneno yanayofuatana mawili mawili, kwa kuwa achunguza sentensi ambazo kitenzi hutangulia mtenda, kama wamekuja wageni. Chombo chake kitavuka mpaka wa vitabu bila kujua na kumletea "analala mama". Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, nayo ni ya namna ile ile aitafutayo, na hakuna mtu aliyeisema.

Katika tenzi mpaka una uzito zaidi. Ubeti wa utenzi una mistari minne; mitatu ya kwanza hufanana vina, na wa nne hushika kina kimoja kiendacho kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho wake. Chombo kinachopima vina huhesabu mistari: moja, mbili, tatu, nne, kisha huanza tena. Ikiwa faili la Mathayo lina mstari mmoja wa ziada, mathalani jina la utenzi lililoachwa juu, hesabu ya mistari itakwenda upande, na mmiminiko utaipeleka kombo hiyo katika Marko, Luka, Yohana na Matendo. Kosa la faili moja litakuwa kosa la mafaili matano. Chombo kinachojua mipaka huanza tena kuhesabu kutoka moja kila kitabu kipya kinapofunguliwa, na kombo ya Mathayo hubaki kwa Mathayo.

Sikusema kwamba kila wingi ni wa kila au wa -ote. Upo wa tatu. Mtu akizitaka zile tafsiri mbili za Kaizari, ya 1963 na ya 1969, hana haja ya kuzihesabu moja moja wala kuzichanganya. Ataka kuziweka ubavu kwa ubavu aone mfasiri alibadili nini. Wingi huo ni wa jozi, na mfuatano wake una maana, kwani kusema kwamba neno liliongezwa ni kusema ni ipi iliyotangulia. Chombo kiitwacho diff hufanya kazi hiyo, nacho hukataa majina matatu. Wengine hulalamika kwamba ni upungufu. Kwangu ni adabu: chombo kilichofanywa kwa ajili ya jozi hakina sababu ya kujifanya kinajua la kufanya na tatu.

Yamebaki mambo ya jinsi chombo kinavyosema na mtumiaji. Kilipokuwa na kitabu kimoja hakikuwa na haja ya kutaja jina lake. Sasa lazima kitaje, ama sivyo mistari mitano itakuwa ya nani? Chombo cha kutafutia maneno, grep, kimechagua njia ya katikati: kikipewa faili moja hunyamaza kuhusu jina, kikipewa mawili au zaidi hutanguliza jina la faili mbele ya kila mstari. Nia yake ni njema, na mwenye kutazama kwa macho hapati taabu. Lakini matokeo ya chombo kimoja mara nyingi husomwa na chombo kingine, na siku ambapo kabrasha lina faili moja tu kwa bahati, umbo la matokeo hubadilika na msomaji wa pili hupotea. Katika Kiswahili upatanisho haukomi kwa kuwa kitu ni kimoja: kitabu kimoja kimesomwa, vitabu viwili vimesomwa, na kiambishi kipo pote pawili. Naona chombo kifuate desturi hiyo, kitaje jina daima.

Jambo hilo latupeleka kwenye taarifa zenyewe. Mafundi waandikao Kiingereza huponea kwa kubandika herufi ya wingi mwishoni mwa jina na kuacha sentensi nyingine kama ilivyo. Kwetu "vitabu 5 vimesomwa" na "kitabu 1 kimesomwa" hazina neno lililobaki vile vile, si jina wala kitenzi. Ni sentensi mbili kamili. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili walijua hilo kwa taabu, na miongoni mwao ni waliofanya kazi ya Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Chombo kikipanuliwa kutoka kimoja kwenda vingi, taarifa zake zote ziandikwe mara mbili. Hata neno faili lenyewe halijatulia: wengine husema faili hili na mafaili haya, wengine faili hii na faili hizi, na kwa hao wa pili jina peke yake halionyeshi kama ni moja au ni mengi; upatanisho ndio unaoamua.

Na je, kitabu cha tatu kati ya vitano kisipopatikana? Chombo cha kitabu kimoja kingelalamika na kukoma, nacho kingekuwa na haki. Chombo cha vitabu vingi kikikoma hapo, huwa kimeitupa kazi ya viwili vilivyosalia kwa kosa la kimoja. Kikinyamaza na kuendelea, mstari wa mwisho utakuwa wa vitabu vinne ukidai kuwa wa vitano. Desturi ya vyombo vya Unix ni ya busara: hulalamika kupitia mkondo wa pili, usiochanganyika na matokeo, huendelea na vilivyobaki, na kikiisha hurudisha kwa mfumo namba isiyo sifuri, kuonyesha kwamba kazi haikutimia. Mimi nimeongeza kwamba mstari wa mwisho utaje idadi: "vyote kwa pamoja (vitabu 4 kati ya 5)".

Vitabu vikitoka kwa wapigaji chapa mbalimbali, kila mmoja huja na mazoea yake, na hili halikuwako kitabu kilipokuwa kimoja. Mmoja huandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, mwingine mashine yake huipinda. Kwa jicho ni neno moja. Kwa kompyuta ni mawili, na katika daftari kubwa yatakaa katika mistari miwili. Vivyo hivyo ng'oa, ng'ara, ng'ambo. Ndani ya kila kitabu hesabu ilikuwa sahihi. Kosa limezaliwa zilipokutana. Chombo hakina budi kuzisawazisha ritifaa zote kabla ya kuandika chochote katika daftari.

Mwisho kuna wingi uliopita kiasi. Mtu akikusanya magazeti ya miaka mingi, kila habari katika faili lake, orodha ya majina yaweza kuwa ndefu kuliko mfumo unavyoruhusu katika amri moja, nao utaikataa. Kipo chombo kiitwacho xargs kinachoigawa orodha ndefu katika mafungu na kuita chombo cha kuhesabu mara moja kwa kila fungu. Wengi hukitumia na kushukuru. Lakini kila mwito ni mwanzo mpya: madaftari yote mawili, dogo na kubwa, hufunguliwa upya, na mstari wa mwisho hutokea mara nyingi kadiri ya mafungu. Hata wc hutoa mistari kadha ya jumla hapo, na mwenye haraka anayetazama chini ya ukurasa huchukua ile ya fungu la mwisho akidhani ni ya kazi nzima. Toleo la wc lililo katika Linux laweza kupewa faili lenye orodha ya majina badala ya majina yenyewe, na kwa njia hiyo mwito hubaki mmoja. Hesabu nayo nimeipa njia hiyo: majina huandikwa katika faili moja, jina moja kwa kila mstari, na nafasi zilizo ndani ya majina hazidhuru tena. Faili hilo la orodha huhifadhiwa pamoja na matokeo, ili atakayeisoma tasnifu ajue ni vitabu vipi vilivyohesabiwa, na kwa mfuatano upi.